Kumfuata chura kwa uzi akishataga: ninavyofanya Pemba

Masika haya nilimsaidia kijana wa chuo aliyetaka kujua vyura wa bonde la mpunga huenda wapi wakishataga. Alikuja na ndoo sita za kufukia ardhini zitumike kama mitego. Nilimwambia aziache nyumbani. Bondeni maji yako karibu mno na uso wa ardhi: ndoo isiyotobolewa huinuliwa na maji ikatoka shimoni, iliyotobolewa hujaa, na siafu wakipita usiku, asubuhi unakuta mifupa. Tumia uzi: chura anabeba kifundo cha uzi mgongoni, uzi unafunguka nyuma yake, na asubuhi unaufuata.

Kwa vyura wengi, mayai na viluwiluwi ni vya majini, lakini chura mzima hukaa nchi kavu sehemu kubwa ya mwaka. Tukilinda dimbwi tukafyeka kilima kilicho juu yake, tumelinda wodi ya wazazi na kuvunja nyumba wanazorudi.

1. Kibali, sheha, wenye mashamba

Kibali cha utafiti kwanza, kisha nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa eneo, kisha kwa kila mwenye konde linalopakana na bonde. Usiruke hili la mwisho. Uzi mweupe uliotandazwa usiku kutoka kwenye mpunga hadi mlangoni kwa mtu, asiyeambiwa atadhani amerogwa, na ana haki ya kukasirika. Mimi huwaonyesha uzi wenyewe mchana, na watoto nao wanaona.

2. Chura gani

Jike kubwa la chura wa nchi kavu, yule mwenye vinundu mgongoni, ambaye tumbo limeshalegea. Madume hubaki majini usiku mwingi wakiita. Jike akishataga huondoka. Msubiri juu ya tuta la jaluba, usimtoe majini.

Wadogo waache. Kile kichura cha Pemba, Phrynobatrachus pakenhami, kilichoelezwa kisayansi na Loveridge mwaka 1941 na kisichojulikana kuishi kwengine duniani, hakiwezi kubeba uzi wowote.

3. Mkanda

Hapa ndipo nilipopoteza masika mazima, kwa hiyo soma polepole.

Pima chura kwa mizani ya sonara. Uzi, mkanda na gundi kwa pamoja visizidi asilimia 5 ya uzito wake: chura wa gramu 40 abebe gramu 2. Wako wanaofika asilimia 10, mimi sifiki.

Tafuta vile vifundo vya uzi wa nailoni vya mashine ya kudarizi, visivyo na kigurudumu ndani, ambavyo uzi hutokea katikati. Nilijaribu kuvizungushia mwenyewe kwenye penseli. Uzi ulikwama, na chura nilimkuta amening'inia kwenye mzizi. Sirudii. Zungushia kifundo karatasi laini ya plastiki, acha tundu dogo upande wa nyuma uzi utokee.

Mkanda uwe wa mpira laini, upite kiunoni mbele ya mapaja ya nyuma, kifundo kikae mgongoni. Ukibana, ngozi inachubuka. Ukilegea, anauvua kwa miguu kabla hujafika njiani. Kipimo changu: mkanda uzunguke kwa kidole bila kuvuta ngozi, lakini usipite nyonga. Ncha za mkanda ziunge kwa uzi wa pamba, kamwe si nailoni. Chura akikupotea, pamba itaoza na mkanda utaanguka.

Mikono iwe na maji, na isiwe na dawa ya mbu, kwani ngozi ya chura hunyonya. Wewe nawa baadaye kabla ya kugusa macho, sumu yake inawasha. Muweke dakika 20 kwenye ndoo yenye majani mabichi. Akikaa vibaya au akiburura mguu, vua, anza upya. Usimwache na mkanda zaidi ya usiku mbili.

Funga ncha ya uzi kwenye kijiti, mwachie, ondoka. Taa zima.

4. Alfajiri

Fika kabla ya ng'ombe, ufuate uzi kutoka kijitini mpaka kwa chura. Pima kwa futi ya kamba na dira, andika daftarini kwa penseli. Simu chini ya mikarafuu hukosea mita kadhaa, na chura huenda amekwenda mita thelathini tu. Kila mita 5 andika: jaluba, tuta, migomba, mikarafuu, njia, ua wa nyumba, kuna majani makavu, udongo umelowa?

5. Nukta ya kulinganisha

Kwa kila nukta ya chura, yaani kila mahali ulipoandika kwenye njia yake, tembea mita 10 upande uliouchagua kwa kura, andika mambo yaleyale. Bila hivyo utasema chura anapenda migomba, kumbe pale hapana kitu isipokuwa migomba.

6. Kufunga kazi

Vua mkanda, kagua kiuno, mrudishe palepale ulipomkuta. Kusanya uzi wote mpaka kijitini; ndege na kuku hunaswa. Kabla ya kuhamia bonde jengine, sugua tope kwenye viatu, vioshe kwa dawa ya klorini, vianike vikauke kabisa, maana kuvu linaloua vyura husafiri na tope bichi.