Nyumba Mpya za Mradi Bagamoyo: Namna ya Kuzikagua Ukiwa Mbali

Mtanzania aliyeko Houston, Marekani, au Reading, Uingereza, anayetaka nyumba Bagamoyo anaweza kununua kiwanja na kujenga kwa kumtumia ndugu yake fedha kidogo kidogo, au anaweza kununua nyumba iliyokwisha kujengwa katika mradi mkubwa, ambamo makumi ya nyumba husimamishwa kwa ramani moja. Njia ya pili inaepusha ugomvi mwingi wa kifamilia, nami sina neno nayo. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huipima kampuni badala ya kuipima nyumba.

Kampuni kubwa kwa kawaida haijengi kwa mikono yake, bali hugawa kazi kwa makandarasi wadogo, nao huwaita mafundi wanaopatikana wiki hiyo. Ndiyo maana nyumba mbili zilizopakana, zenye bei moja na rangi moja, zaweza kutofautiana kabisa ndani ya kuta. Wanaoishi Marekani wanaijua hali hii, kwa kuwa nyumba za mitaa mipya huko nazo hujengwa hivyo hivyo. Mnunuzi makini wa huko humlipa mkaguzi wake mwenyewe aingie kabla kuta hazijafunikwa kwa mbao za jipsamu, kisha humrudisha mwezi wa 11 tangu kukabidhiwa nyumba, kabla dhamana ya mwaka mmoja haijaisha. Sioni kwa nini mtu huyo huyo, akinunua nyumba kwao, atosheke na picha za simu.

Nyumba ya mfano isikushughulishe sana, maana hiyo ndiyo iliyopewa mafundi bora na marumaru bora. Mama yangu mdogo alipotumwa kukagua nyumba ya mwanawe, alipokelewa kwa soda, akatembezwa katika nyumba ya mfano, akarudi akilisifu jiko lake. Nyumba yenyewe iliyokuwa inanunuliwa hakuiona hata mlango. Anayetumwa aende na namba ya nyumba yenyewe. Akimaliza, azipitie nyumba za awamu ya kwanza, ambazo zimekwisha kupigwa na masika mawili au matatu, na awaulize wenyeji wake kwa adabu ni nini kilichoharibika kwanza.

Atakachokiona huko, mara nyingi, ni kazi ya chumvi. Bagamoyo ni mji wa pwani, na upepo utokao baharini huja na unyevu wa chumvi moja kwa moja ukutani. Chumvi ikiingia ndani ya zege hula nondo. Nondo ikiota kutu huvimba, na uvimbe huo huipasua nguzo kutoka ndani, ufa ukifuata mstari wa nondo. Chumvi hiyo yaweza kuletwa na upepo, lakini yaweza pia kuwa imechanganywa humo tangu siku ya kwanza, kwa mchanga uliochotwa ufuoni au kwa maji ya kisima chenye chumvi. Kwa hiyo uliza, na utake jibu la maandishi: mchanga ulitoka wapi, na zege lilikorogwa kwa maji gani? Zege linalofunika nondo nalo lisiwe jembamba. Nguzo ya nje ambayo nondo zake zimefunikwa kwa zege la chini ya milimita 40 hapa kwetu hunitia wasiwasi. Atazame pia sehemu ya chini ya ukuta, shubiri tatu kutoka sakafuni. Rangi inayobanduka na unga mweupe unaochanua juu ya lipu ni dalili kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini, na huenda nailoni ya kuzuia unyevu chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, ilitoboka au haikuwekwa. Kwenye bati, kutu huanzia penye misumari na kingo zilizokatwa; na ikumbukwe kwamba geji 30 ni bati jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa.

Ikiwa nyumba bado inajengwa, mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, asiye na uhusiano na mradi, na umlipe kwa ziara tatu: msingi na nondo kabla ya zege kumwagwa, kuta na linta (mihimili ya zege juu ya milango na madirisha) kabla ya lipu, na nyumba iliyokamilika kabla ya malipo ya mwisho. Ziara ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa, kwani baada yake hakuna jicho litakaloiona nondo tena. Aulizie matokeo ya vipimo vya nguvu ya zege linapofikisha siku 28, na ajue matofali na zege vilimwagiliwa maji kwa siku ngapi. Kampuni itakayomkatalia asiingie imekwisha kukujibu.

Mengine ni ya kukagua upesi. Mwaga ndoo ya maji bafuni uone kama yanaelekea kwenye tundu, gonga marumaru usikie kama kuna uwazi chini, funua karo la maji machafu, na hakikisha mita ya umeme ya LUKU ni ya nyumba hiyo peke yake.

Kwa upande wa karatasi, taka kuona kibali cha ujenzi cha halmashauri, usajili wa mkandarasi katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na hati ya kiwanja, ambayo wakili ataihakiki kwenye ofisi ya ardhi. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine aanze na wakili, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina masharti tofauti kwa asiye raia. Kisha soma kifungu cha kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi analazimika kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Ukikabidhiwa nyumba mwezi Juni kwa matazamio ya miezi sita, muda wako utakwisha Desemba, nayo masika huanza Machi. Dai miezi 12, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako hadi paa hilo lipite masika nzima.