Kusomea urubani: anza kwa daktari, ada baadaye

Kabla ya kulipa ada yoyote, pimwa afya. Rubani wa biashara huhitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, na hapo macho, masikio, moyo na uwezo wa kutofautisha rangi hukaguliwa. Kuna wanaolipa kwanza ndipo wagundue kwamba nyekundu na kijani zinawachanganya.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani binafsi hudai umri wa miaka 17 na saa 40 angani. Ya biashara miaka 18 na saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Hicho ni kiwango cha chini. Wengi hupita saa 40, kwa hiyo weka akiba.

Kinachokwamisha wengi ni kutua. Mwanafunzi hukodolea lami iliyo karibu mno, picha inamkimbia, basi huchelewa kuvuta usukani au huuvuta ghafla, na ndege inadunda. Peleka macho mbele zaidi, kuelekea mwisho wa njia, ondoa nguvu ya injini, kisha vuta usukani polepole. Mambo yakienda mrama, ongeza nguvu upae tena. Si aibu hata kidogo.

Ruka mara 2 au 3 kwa wiki. Ukikaa mwezi mzima, unalipia kurudia somo la zamani.

Ndani ya mawingu usiuamini mwili: sikio la ndani hudanganya, ukajiona umenyooka kumbe ndege imelalia ubavu. Fuata vipimo vilivyo mbele yako ndani ya ndege.