Namna ya Kupanga Makazi, Chakula na Masomo Unapojiunga na Chuo Kikuu cha Maseno

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hufika Maseno, magharibi mwa Kenya, wakiwa na hati zote mkononi, ila hawajaamua watalala wapi, ilhali ni chumba kitakachoamua utakula nini na utafika darasani saa ngapi. Kwa hiyo anza na chumba.

Ukipata nafasi katika mabweni ya chuo, ichukue, hata ikibidi kuishi na watu usiowajua. Ukiikosa, soma kwanza ratiba yako ujue kama mihadhara yako mingi iko kampasi ya Siriba au kampasi kuu, ndipo utafute chumba cha kupanga upande huo, na usimtumie mtu yeyote pesa kwa M-Pesa kwa sababu ya picha tu. Nenda mchana. Fungua mfereji, tazama dari kama ina madoa ya maji, funga na kufungua kitasa mara mbili tatu, kisha waulize wapangaji wenyewe, wala si mwenye nyumba, maji hukatika kwa muda gani na stima hulipiwa vipi. Hakikisha pia kuna mahali pa kutundika chandarua, kwani ukanda huu wa Ziwa Viktoria ndio unaoongoza nchini kwa malaria.

Chakula ndicho humaliza pesa pasipo mtu kujua zilikokwenda. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, huja kwa mafungu mawili: karo hupelekwa moja kwa moja chuoni, nawe hupokea pesa za matumizi, ambazo huweza kuchelewa, njoo basi na akiba ya kukulisha wiki kadhaa. Utaratibu ninaoupendekeza ni kula mkahawani mchana, wakati huna nafasi ya kurudi chumbani, na kupika jioni mkiwa wawili au watatu mnaochangia unga, mafuta na gesi. Wa bwenini asome kwanza kanuni za upishi, maana koili ya kuchemshia maji ikikamatwa huleta adhabu. Nunueni mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, katika soko la mji jirani wa Luanda, mkayasage, na msiidharau omena, yaani dagaa wa ziwani: ichambueni, ioshwe kwa maji moto, ikaangwe hadi ikauke na kutoa sauti kijikoni, ndipo vitunguu na nyanya vifuate. Omena iliyotiwa nyanya mapema hulegea na kunuka, na hapo ndipo wengi huanza kuisingizia.

Kuhusu masomo, zingatia kwamba mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, ikiambatana na radi, hasa kati ya Machi na Mei. Fua na uanike asubuhi, na siku yenye mhadhara wa saa tisa ondoka na mwavuli hata kama jua linawaka. Majaribio ya katikati ya muhula, ambayo kwa kawaida huchangia alama 30 kati ya 100, huweza kutangazwa ghafla katika kundi la WhatsApp la darasa, kwa hivyo mpe kiongozi wa darasa nambari yako siku ya kwanza. Hatimaye sajili kila kozi kwenye tovuti ya wanafunzi kabla ya muda kufungwa, uchapishe ukurasa wa uthibitisho, na uuhifadhi pamoja na risiti za karo mpaka matokeo ya muhula huo yatoke yakiwa kamili.