Mbegu za saga zikigoma kuota, angalia kwanza mmea mama ulivyokulia

Jirani yangu hapa Kahawa West alivuna mbegu za saga (mboga ya majani iitwayo pia mgagani) mwezi wa Julai, akazipanda papo hapo, na hakuna kilichoota. Alikuwa karibu kuzitupa, kumbe ni nzima kabisa. Mbegu huathiriwa na hali ya hewa ya siku zile inapokomaa ndani ya ganda, kwa hiyo kazi inaanza mmea ukiwa bado shambani.

Hatua ya 1. Tenga mimea michache yenye afya, usiichume majani.

Hatua ya 2. Tia samadi iliyooza vizuri. Maganda yakianza kujaa, usiache mmea ushikwe na kiu, maana mbegu zitakuwa ndogo na dhaifu.

Hatua ya 3. Vuna maganda yakiwa manjano, kabla hayajapasuka. Anika kivulini, kisha pepeta.

Hatua ya 4. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki siutaki kabisa: unyevu ukibaki humo, mbegu zinaoza. Andika juu yake mwezi wa kuvuna, na kama mmea ulikuwa juani au kivulini, kwenye mvua au ukame.

Hatua ya 5. Pima. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo usiharakishe. Chukua mbegu 50 kwa kila bahasha, zitandaze kwenye tishu yenye unyevu ndani ya sahani, funika giza liingie, weka mahali penye joto. Saga hupenda joto la karibu nyuzi 30, na mwanga huizuia kuota. Jikoni kwa Nairobi mwezi wa Julai hapafikii joto hilo, kwa hiyo usilaumu mbegu kabla hujaangalia ilikolala sahani.

Zisipoota, bonyeza moja kwa ukucha. Ikipondeka na kutoa maji, imeoza. Ikiwa ngumu na nyeupe ndani, huenda imelala tu, yaani iko hai ila haijawa tayari kuota. Saga mbichi hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa, na kwa mimea mingi, ngano ikiwemo, mbegu iliyokomaa kwenye baridi hulala zaidi ya iliyokomaa kwenye joto.

Ukilinganisha bahasha ya Julai na ya Februari, zipime zikiwa na umri sawa tangu kuvunwa, mahali pamoja. Vinginevyo ya zamani itaota vizuri kwa sababu imekaa, nawe utadhani ni sifa ya mmea mama.

Hatua ya 6. Zile za Julai zisubirishe hadi mvua za Oktoba, uzipime tena. Ukipanda, zifunike kwa udongo kidogo, usiziache wazi juani.