Jinsi ya kugeuza balada ya kale kuwa wimbo wa kuchekesha: kutoka Lord Randal hadi sahani ya sambaza

Mwongozo huu ni wa waimbaji na watunzi wa Goma wanaotaka kuchukua balada, yaani wimbo wa kusimulia hadithi, ya kale ya Ulaya na kuigeuza mchezo wa Kiswahili. Unahitaji daftari, simu ya kurekodi na mtu mmoja mwenye masikio makali. Gitaa linaweza kungoja.

Hatua ya 1: Chagua balada ya majibizano

Mmarekani Francis James Child alikusanya balada 305 za Uingereza na Uskoti, zikachapishwa kati ya 1882 na 1898. Kwa kuanzia chukua namba 12, Lord Randal. Mama anamuuliza mwanawe alikotoka na alichokula. Kijana anajibu kidogo kidogo, na kila kuple (ubeti) inaishia kwa ombi lilelile: nitandikie kitanda, nataka kulala. Kumbe mpenzi wake amemlisha mikunga (samaki wa umbo la nyoka) yenye sumu.

Tam Lin, namba 39, ni tamu pia, lakini ni hadithi ndefu ya mfululizo na ina kuple nyingi mno kwa mtu anayeanza. Majibizano ni rahisi kwa sababu refren (kiitikio) inarudi yenyewe na kukupa mstari wa nne bure. Tena waimbaji wawili wanaweza kugawana sauti, mmoja mama na mwingine kijana.

Usiogope kuugusa wimbo wa watu. Hadithi hii ilijulikana Verona, Italia, tangu 1629. Uskoti kwenyewe iligeuzwa wimbo wa watoto, mpenzi akawa mama wa kambo na mikunga ikawa kasamaki kadogo. Kugeuza ndiko kulikoiweka hai.

Chukua maneno kwenye mkusanyo wa Child, usiyatoe kwenye rekodi ya mwimbaji wa leo. Child alifariki 1896 na balada zenyewe hazina mwenyewe, lakini mpangilio wa muziki wa msanii wa sasa ni mali yake.

Hatua ya 2: Andika mifupa

Kabla ya kutunga neno lolote la Kiswahili, andika maswali ya mama kwa mpangilio wake: ulikuwa wapi, ulikutana na nani, alikupa nini, mabaki yalikula nani, mbwa wako walipatwa na nini, naogopa umelishwa sumu. Kisha wosia: unamwachia nini mama, dada, kaka, na mwisho mpenzi.

Kwa wimbo wa dakika tatu, kuple sita zatosha. Kata mbwa ukipenda. Wosia usiukate, maana kicheko chote kitatokea hapo.

Hatua ya 3: Badilisha kitu kimoja tu

Wengi wanaharibu hapa. Wanaleta chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo), volkano ya Nyiragongo, megabaiti zilizoisha na polisi wa barabarani, vyote kwenye kuple moja. Msikilizaji anacheka mara mbili, halafu anapotea. Kuhamisha wimbo hadi ziwani Kivu ni kubadilisha mandhari tu, bado hujachekesha. Kicheko kinatoka pale sababu moja inapogeuka na kila kitu kingine kikabaki na uzito wake wa msiba.

Katika mfano wetu, sumu inakuwa shibe. Kijana amekula sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, kwa mpenzi mpaka basi, na mama amempikia bugali nyumbani. Hafi, ila anaogopa kusema hawezi kula tena. Maswali ya mama yanabaki yaleyale, refren ileile, wosia uleule.

Kuna tatizo jingine: watu wa Birere, mtaa wa Goma, hawaijui Lord Randal, na huwezi kumtania mtu usiyemfahamu. Kwa hiyo kuple mbili za kwanza ziimbe kwa huzuni kamili, bila dokezo lolote la mzaha. Msikilizaji ajifunze kanuni ya wimbo kwanza. Ukivunja kanuni katika kuple ya tatu, atakuwa tayari anaijua.

Hatua ya 4: Mizani, na mkazo

Balada za Kiingereza huhesabu mikazo, sisi tunahesabu silabi. Tumia mizani 12 kwa mstari, 6 na 6, juu ya mdundo wa sita kwa nane. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo silabi ya kwanza iimbwe kabla ya pigo zito, na mapigo mazito yaangukie silabi ya 2 na ya 5. Maneno mawili ya silabi tatu tatu yanakaa hapo yenyewe: ta-NDI-ka ki-TA-nda.

Ukiandika "mama, nimechoka", mizani ni 6 sawasawa, ila pigo zito linaangukia "ma" ya pili na kinywa kinatoa "maMA". Kwenye karatasi hutaona kosa, ila ukipiga makofi utalisikia mara moja. "Mamangu, nachoka" inaondoa shida hiyo. Kosa hilihili linaipata "umetoka wapi". Kila nusu ya mstari yenye silabi nne na mbili, au mbili na nne, ipimwe kwa makofi.

Vina: mistari miwili ya mama ifanane, na miwili ya kijana iishie kwa -oka. Kina hiki hakikauki, kwa kuwa vitenzi vinakipa kila siku: toka, ng'oka, okoka, dondoka, bomoka. Refren yenye kina adimu itakukwamisha kwenye kuple ya tatu.

Kuple ya 1, kwa huzuni:

Mwanangu kijana, watoka kwa nani?
Usiku wafika, walala njiani?
Natoka ziwani, na jasho latoka,
Tandika kitanda, mamangu, nachoka.

Kuple ya 3, pale wimbo unapogeuka (mukaba ni mkanda wa suruali):

Mpenzi kakupa ni nini, mwanangu?
Chakula ni gani chapita cha kwangu?
Sambaza, bugali, mukaba wang'oka,
Tandika kitanda, mamangu, nachoka.

Kuple ya wosia:

Nduguyo mdogo arithi ni nini?
Ukifa usiku, hatuna madini!
Apewe bugali, nipate okoka,
Tandika kitanda, mamangu, nachoka.

Refren haikubadilika hata herufi. Mara ya kwanza ni kilio, mara ya mwisho ni ujanja wa mtu anayekimbia meza. Usishawishike kuiongezea utani.

Hatua ya 5: Ukitaka kusimulia upya bila kuchekesha

Mtafute mtu ambaye balada imemnyima sauti. Katika Lord Randal mpenzi hasemi hata neno. Mpe kuple sita, mizani ileile, na maswali aulizwe yeye. Matukio yasibadilike: chakula kilikuwa na sumu, kijana atakufa. Ukimwokoa kijana, huo ni wimbo mwingine.

Hadithi za hapa kwetu zinataka uangalifu zaidi. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, huko Walikale, uliimbwa na Candi Rureke mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, na maandishi yakachapishwa 1969. Kwa mtunzi una hazina: mtoto anayetembea siku ya kuzaliwa, ngoma inayotupwa mtoni na yeye ndani yake, shangazi Iyangura. Simulia matukio hayo kwa maneno yako, usinakili tafsiri iliyochapishwa. Nyimbo za Karisi, roho anayeimbiwa, ziache kwa wenyewe. Na utaje Wanyanga kila unapoimba.

Hatua ya 6: Jaribu, halafu rekodi

Mwimbie mtu asiyejua unachofanya. Akicheka kuple ya kwanza, umevuja mapema: sauti yako inatabasamu, au umetia neno la utani. Asipocheka kuple ya tatu, mara nyingi neno la kugeuza limezikwa katikati ya mstari. Liweke kwenye nusu ya pili, kama "mukaba wang'oka".

Pima pia kama kuna msiba wa kweli unaougusa. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 na ya Mei 2021 bado ina wenye kuilia mjini. Kifo kilicho kwenye wimbo kibaki cha kubuni.

Wakati wa kurekodi, simu iwe umbali wa shubiri mbili kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Funika meza kwa blanketi. Mvua ikianza juu ya bati, acha, hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Mama na kijana warekodiwe pamoja, wakitazamana. Ukiwarekodi mmoja mmoja, jibu huchelewa nusu pigo na majibizano yanageuka kusoma barua.