Kuhesabu aina za mikoko kisiwani bila kuchanganya mkandaa na msinzi

Juzi nilikuwa na kikundi cha vijana waliokwisha kununua viriba vya kupandia mikoko. Nikawauliza, kwenye ghuba yenu zipo aina ngapi? Wakajibu, "Mikoko tu." Tukaweka viriba pembeni, tukaingia topeni kuhesabu. Visiwa kama Unguja, Pemba na Mafia havina hata aina kumi na moja, zote zinajifunzika.

Hatua ya 1: Subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Mwezi mchanga au mpevu. Maji yakianza kupwa, ingia. Vaa raba za kufunga kamba. Mabuti yatabaki topeni, wewe urudi pekupeku.

Hatua ya 2: Vuta kamba kutoka ukingo wa bahari hadi nchi kavu, na kando yake upime vipande vya mita 10 kwa 10. Mimi hutumia kamba yenye mafundo, sitaki programu ya simu. Usiishie mbele: huko utakuta mlilana (Sonneratia alba) tu, na kikandaa (Lumnitzera racemosa) aliyeko nyuma hutamwona kamwe.

Hatua ya 3: Tambua mti. Walio rahisi kwanza. Mizizi myembamba kama penseli iliyochomoza topeni ni ya mchu. Iliyo minene kama pembe ni ya mlilana. Tunda kubwa la mviringo kama mpira ni la mkomafi.

Sasa watatu wanaotesa: mkoko (Rhizophora mucronata), msinzi (Bruguiera gymnorrhiza) na mkandaa (Ceriops tagal). Wakubwa hawasumbui, mkoko unasimama juu ya magongo yake, yaani mizizi inayouegemeza. Wachanga ndio balaa. Mara ya kwanza niliandika "mkandaa" kwenye vipande vizima vya msinzi mchanga, nikagundua siku ya tatu, nikarudia vyote.

Anza na jani. La mkoko lina kimwiba nchani na vidoa vyeusi upande wa chini. La msinzi limechongoka, halina vidoa. La mkandaa ni butu, limeviringika nchani. Lakini jani moja linadanganya, hasa lililoliwa na wadudu, kwa hiyo tazama matano. Ukipata ua, hesabu vipande vya kikombe chake: mkoko 4, mkandaa 5, msinzi 10 au zaidi, na mara nyingi ni vyekundu. Mbegu ya msinzi ikianguka huondoka na kikombe chake. Za wenzake hukiacha mtini. Bado una shaka? Andika "sijui", bandika jani daftarini. "Sijui" inarekebishika, jina la kubahatisha halirekebishiki.

Tahadhari nyingine ni majina. Kuna wanaoita miti yote "mkoko", na kikandaa huitwa pia mkandaa dume ingawa si ndugu wa mkandaa. Andika jina la kisayansi pembeni, hata kwa kifupi.

Hatua ya 4: Pima mzingo wa shina kwenye mita 1.3 kutoka chini. Mkoko, sentimita 30 juu ya gongo la juu kabisa. Andika kwa penseli, si kalamu ya wino.

Hatua ya 5: Hesabu miche kabla ya kupanda. Kipande chenye miche tele kiache, kinajipanda chenyewe. Kilicho kitupu, tafuta kwanza kilichokiua: maji yamezibwa, au panakatwa? Na usichomeke mbegu za mkoko kila mahali kwa sababu tu ni ndefu na rahisi kushika. Palipokuwa na mchu, rudisha mchu.