Jinsi ya kupata nguvu kwa Mungu ukiwa unauguza mgonjwa nyumbani

Mama yangu alipata kiharusi mwaka 2019, upande wa kulia wote ukalala na maneno yakakata, na tangu tulivotoka nae hospitali tuko nae hapa nyumbani Kimara, mi ndio namuuguza, kuna binti ananisaidia mchana nikienda kazini ila usiku ni mimi. Mtu ambae hajawahi kuuguza anadhani kazi ni kuogesha na kulisha, kumbe kinachomaliza ni kwamba haina tarehe ya kuisha. Mwezi wa kwanza nyumba inajaa watu mpaka viti havitoshi, mwezi wa tatu wanapiga simu, mwaka wa pili unabaki na mgonjwa wako na Mungu wako. Na hapo kwa Mungu ndipo nataka tuongee, maana wote tunaambiwa "mtegemee Bwana" alafu hakuna anaekuonyesha unamtegemeaje saa nane usiku ukiwa unabadilisha shuka lenye mkojo. Haya ninayoandika ndio yaliyonishika mimi, mengine nilifundishwa na wamama wa jumuiya yetu, mengine niliyatafuta mwenyewe kwenye Biblia nikiwa nimechoka kabisa.

Anza kwa kumwambia Mungu ukweli

Miezi ya mwanzo maombi yangu yalikua ya mdomoni tu, "asante Baba kwa siku njema", wakati moyoni nimejaa hasira, basi nikawa natoka kwenye maombi mtupu kuliko nilivoingia. Siku moja nikafungua Zaburi ya 13, inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", nikashtuka kwamba kumbe maneno kama haya yamo kwenye Neno na watu wa Mungu waliyaimba kwenye ibada. Nenda na ya 88 pia, hiyo isome ukiwa peke yako. Zaburi nyingi za kilio mwishoni zinageuka kuwa sifa, hii haigeuki, inaanza na kilio na neno la mwisho kabisa ni giza, na bado imo ndani ya Biblia pamoja na "Bwana ndiye mchungaji wangu". Kwangu hiyo ilikua kama kupewa ruhusa.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta dakika kumi, mi nilikua natumia bafuni maana ndio sehemu pekee hakuna anaeniita, sema kwa sauti vitu vitatu, kinachokuuma, unachokiogopa, na unachokitaka leo. Sema kwa lugha inayokutoka, kama unalia kwa Kichaga au Kihaya omba kwa hiyo hiyo, usitafute Kiswahili cha mimbarani. Mfano mimi nilikua nasema "Mungu nimechoka, namwonea hasira kaka yangu hatumi hela, naogopa mama atafia mikononi mwangu, naomba leo ameze uji asipaliwe." Basi. Hayo ni maombi kamili. Siku ambayo hata hayo hayatoki kaa kimya, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, maana yake kuna siku kuguna kwako kunatosha. Na kama imani yenyewe ndio inayumba, yule baba mwenye mtoto anaeanguka kwenye Marko 9 alimwambia Yesu "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" na hakufukuzwa wala hakuambiwa arudi akishaamini vizuri.

Kula, na ulale

Hili tunalipita haraka sana makanisani na linaniuma. Soma 1 Wafalme 19, Eliya ametoka kushusha moto Karmeli, mtu wa imani kuliko sisi wote hapa, alafu anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Sasa angalia Mungu alimfanyia nini kwanza. Hakumhubiria, hakumuuliza imani yako iko wapi. Malaika alimgusa akamwambia ainuke ale, kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akanywa akalala tena, malaika akarudi mara ya pili, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Chakula mara mbili na usingizi mara mbili, maongezi na Mungu yakaja baadae huko Horebu.

Mimi niliwahi kufunga siku tatu kavu nikiwa nauguza, nikimlilia Mungu amponye mama, siku ya pili nikaanguka jikoni na sufuria la uji mkononi, bahati nzuri halikuwa la moto. Mama mmoja mzee wa jumuiya akaniambia "mwanangu, wewe kukosa kwako usingizi humu ndani ni mfungo tosha, kula." Kwa hiyo kama unauguza na huna usingizi wa kutosha usijitwishe mfungo wa kukata chakula, funga kitu kingine, mi nilifunga kuangalia statasi za watu WhatsApp zilizokua zinanitia uchungu na wivu, na nilipata faida kuliko ile ya njaa. Alafu lala pale mgonjwa anapolala hata kama vyombo havijaoshwa.

Omba nguvu za leo, za kesho ziache

Hapa ndio kiini cha yote ninayotaka kusema. Kilichokua kinaniua sio kazi ya leo, ni kuwaza miaka. Nikimgeuza mama nawaza hivi nitakua namgeuza mpaka lini, hela ya pampasi mwakani itatoka wapi, nitaolewa saa ngapi, na nikishawaza hivo hata kijiko cha uji kinakua kizito.

Nikaja kuielewa habari ya mana, Kutoka sura ya 16. Wana wa Israeli walipewa kuokota pishi moja kwa kila mtu, ya siku hiyo tu, kuna waliojaribu kuiweka mpaka asubuhi ikaingia mabuu ikanuka. Walivyookota siku ya sita ndio waliruhusiwa mara mbili kwa sababu ya sabato. Na walikula hivo miaka 40, hakuna siku hata moja waliyokua na akiba ya mwezi. Sasa mi nilikua naomba ghala, Mungu ananipa pishi, nalalamika kwamba hajanijibu. Yesu nae ndio alichotufundisha, mkate wetu wa kila siku utupe leo, na pale Mathayo 6:34 "Yatosha kwa siku maovu yake."

Namna ya kuifanya iwe kitu cha mikono na sio maneno tu ni hii. Mgonjwa wa kulala lazima ageuzwe kila baada ya masaa mawili ili asipate vidonda, hasa pale mwisho wa mgongo, kwenye nyonga na visigino, huyo nesi aliyetufundisha wakati tunaruhusiwa alilirudia mara nyingi. Nikachukua ratiba hiyo hiyo nikaifanya ndio ratiba ya maombi. Kila ninapomgeuza namwekea mto katikati ya magoti, naangalia ngozi, alafu nasema mstari mmoja kwa sauti, mmoja tu, na ni huo huo siku nzima. Jumatatu unaweza kuwa "Neema yangu yakutosha", Jumanne mwingine. Siku ikiisha umeusema mara kadhaa bila hata kufungua kitabu, umekaa mwilini. Na sikutegemea hili, mama maneno yamekata ila kwenye mstari wa "nijapopita kati ya bonde" midomo yake ikaanza kutingishika, na siku hizi "amina" anaitoa, haijanyooka lakini ni amina.

Kuwa na daftari pia, dogo tu linatosha. Kila usiku andika kitu kimoja Mungu alichofanya siku hiyo, kiwe kidogo hivohivo, "presha leo imeshuka", "jirani kaleta ndizi", "sijamfokea". Siku mbaya unarudi nyuma unasoma. Nina madaftari manne sasa.

Dawa na maombi sio maadui

Hapa nisikilize vizuri ndugu yangu maana watu wamepoteza wagonjwa. Ukishakua na mgonjwa utaletewa mtumishi wa kila aina, mwingine atakwambia acha dawa za presha uonyeshe imani, mwingine atakuuzia mafuta, atakwambia mnyweshe maji ya upako kikombe kizima asubuhi. Mgonjwa wa kiharusi wengi kumeza ni shida, maji mepesi ndio yanampalia haraka kuliko hata uji mzito, yakiingia kwenye mapafu unapata nimonia juu ya kiharusi. Mtu akitaka kumwombea, karibu, apake mafuta kwenye paji la uso aombe, Yakobo 5:14 ndivyo inavosema, waite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, haijasema popote unyang'anywe vidonge. Kwetu KKKT, yaani Walutheri, mchungaji anakuja nyumbani na Chakula cha Bwana ukimwambia, kwa Wakatoliki kuna Mpako wa Wagonjwa, omba, hivi havina bei.

Na kama unaogopa kwamba kunywa dawa ni kukosa imani, Isaya alipoambiwa na Mungu kwamba Hezekia atapona bado aliagiza wachukue mkate wa tini waweke juu ya jipu, iko Isaya 38. Luka aliyesafiri na Paulo anaitwa tabibu mpendwa. Na kuna mstari mdogo watu hawauhubiri, 2 Timotheo 4:20, Paulo anasema Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Paulo! Ambaye leso zake ziliponya watu Efeso. Rafiki yake mwenyewe hakupona siku hiyo na safari ikaendelea, na hakuna mahali Paulo anamlaumu Trofimo kwa imani haba. Mstari huu umenitoa machozi zaidi ya mingine yote, sijui nieleze vipi, niliona mimi na mama nasi tumo humo ndani.

Watakaokuuliza "mmekosea wapi" usibishane nao. Wanafunzi waliuliza swali hilo hilo Yohana 9, nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, Yesu akasema si huyu wala wazazi wake. Ukiweza wajibu hivo kwa upole, usipoweza toka nje ukaanue nguo.

Mizigo na furushi

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndio nililochelewa kulijua na lingeniokolea miaka miwili. Wagalatia 6 mstari wa 2 inasema "mchukuliane mizigo", mstari wa 5 inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Nilikua naona kama zinapingana mpaka mchungaji akatufafanulia kwenye ibada ya jumuiya, furushi ni lile lako la kubeba kila siku, mzigo ni ule ambao mtu mmoja akiubeba unamvunja. Kuuguza miaka ni mzigo. Ukiubeba peke yako sio uhodari, ni kuwanyima wengine sehemu yao. Hata Musa kule vitani na Waamaleki mikono ilichoka, wakamwekea jiwe akae, Haruni na Huri wakashika mikono huku na huku mpaka jua likachwa.

Shida yetu tunasema "mniombee" alafu tunakasirika watu wanapoomba tu wasije. Watu hawajui wafanye nini. Waambie kitu kimoja chenye siku na saa. Mi nilikaa na kalamu nikagawa wiki, mama mmoja akachukua Jumatano jioni masaa mawili nikalale, kijana mmoja wa kwaya anakuja Jumamosi tumbebe mama tumtoe juani, mwingine hana muda ila kila mwisho wa mwezi anatuma pakiti ya pampasi. Kaka yangu ambae tulikua hatuongei nilimpa kulipia dawa za presha tu, sio kila kitu, na amezilipa mpaka leo, kumbe alikua anaogopa ukubwa wa jambo.

Kama hujui uanzeje, nakili hii uitume leo kwenye grupu la jumuiya au la familia kabla hujalala, badilisha majina na siku:

"Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mama bado anaumwa na mimi nimechoka, naomba msaada. Nahitaji mtu mmoja wa kukaa nae Jumatano saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ili nilale, kazi ni kumgeuza mara moja, nitamwelekeza. Anaeweza aniambie hapa. Asiyeweza atuombee saa nane usiku akishtuka, muda huo nakua macho namgeuza."